Mstari Uliosainiwa na Marehemu

Sehemu ya tisa

Mkono wa Sisimizi ulikuwa bado juu ya kompyuta tulipomwacha, na mbele ya macho yake elfu thelathini zilikuwa zinageuka kuwa elfu ishirini na saba bila mtu kuzigusa.

Aliyekosa gazeti la wiki iliyopita asihangaike, nitamweka sawa kwa maneno machache. Binti huyu, ambaye ofisi nzima inamwita Sisimizi kwa udogo wake na kwa kutembea bila kusikika, ndiye anayetunza hifadhidata ya chama cha akiba. Mama yake mdogo, keshia wa chama hicho kwa miaka kumi na minne, anatuhumiwa kuiba fedha za wateja. Vitabu vya wateja vinasema fedha nyingi, kompyuta inasema chache. Ikifika saa sita mchana, ama Mama Mdogo atie saini karatasi ya kukiri na nyumba yake iuzwe kufidia, ama apelekwe polisi. Na huyo ndiye aliyemlea Sisimizi tangu akiwa na miaka sita.

Sisimizi alikuwa ameandika tu akiba ya mteja mmoja, mama mshonaji, kama ilivyo kwenye kitabu chake. Namba ikakataa kukaa. Kando yake pakajiandika:

Aliyebadilisha: Fundi. Saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Maelezo: USIGUSE.

Fundi ndiye aliyeitengeneza hifadhidata hiyo. Na Fundi alizikwa miezi saba iliyopita.

Sisimizi hakupiga kelele. Si mtu wa kelele. Alirudisha mikono mapajani kama mtoto aliyekutwa na kopo la sukari, akabaki anaitazama ile saini.

Kiti kikashuka.

Kilikuwa kiti cha Fundi. Tangu afe hakuna aliyetaka kukikalia, mpaka Sisimizi alipoajiriwa akakikuta ndicho pekee kisicho na mwenyewe. Kilikuwa na ugonjwa wake: ukikikalia muda kinazama polepole, kama vile mtu mwingine, mzito kuliko wewe, amekuja kukaa pamoja nawe. Siku zote Sisimizi alikuwa akikivuta juu na kuendelea na kazi. Asubuhi ile hakukivuta. Alisikia tu anashuka, na nywele za shingoni zikamsimama moja moja.

"Umeona nini?" Mama Mdogo akauliza.

Alikuwa ameketi karibu na dirisha, mkoba magotini. Walimkataza kukaribia dirisha lake la kulipia, kwa hiyo tangu asubuhi alikaa humo kwa mpwa wake kama mgonjwa anayesubiri kuitwa.

"Hakuna kitu, mama."

"Hakuna kitu huwa hakimgeuzi mtu rangi. Umekuwa kama chaki."

Sisimizi akaonyesha kioo kwa kidole. "Fundi ameirudisha namba."

"Fundi yupi?"

"Wetu."

Kidole cha Mama Mdogo, kilichokuwa kinachezea zipu ya mkoba, kikasimama.

"Mwanangu," alisema, "wanaonitesa ni walio hai. Usiniongezee na wengine."

Sisimizi akapiga moyo konde. Akaifungua tena ile akiba ya mama mshonaji, akaandika elfu kumi. Akabonyeza.

Elfu tisa. Fundi. USIGUSE.

Akaandika mia moja.

Tisini. Fundi. USIGUSE.

Hapo akainama karibu na kioo mpaka pua ikakaribia kugusa. Mtu anayekurudisha nyuma kwa hasira hurudisha kile kile ulichofuta. Huyu hakurudisha chochote. Huyu alikuwa anapiga hesabu, na kila mara alikuwa anatoa sehemu moja ya kumi, bila kuzidisha wala kupunguza.

"Huyu mzimu amesoma asilimia," alinong'ona.

"Alikuwa mwerevu sana," Mama Mdogo akajibu, akageuza uso dirishani.

Hifadhidata, msomaji, inafanana na nyumba ya mtu mwenye siri. Vyumba vya mbele kila mgeni anavipita: hapa majina, pale tarehe, huku kiasi. Lakini nyuma kuna mahali mjenzi anapoweza kutega maagizo. Mtu akifanya hili, wewe fanya lile. Sisimizi alifundishwa mambo hayo chuoni, ila hakuwahi kuingia nyuma ya nyumba hii. Mwenye nyumba amekufa, na Sisimizi ana haya hata na waliokufa.

Sasa akaingia.

Aliukuta mtego ndani ya dakika chache. Na juu ya mtego, kwa lugha ya kawaida, Fundi alikuwa ameacha maneno kwa yeyote atakayekuja baada yake, kama ilivyo desturi ya watu wa kazi ile:

"Namba ikiguswa kwa mkono, tafuta bei ya dola ya siku ile fedha ilipoletwa, igeuze kwa bei ya leo. Mwambie asiguse. Andika jina langu, wasije wakamlaumu mwingine."

Sisimizi alisoma mara mbili. Mara ya pili machozi yakamlengalenga. Kumbe hakukuwa na mzimu. Kulikuwa na mtu mmoja mpole ambaye alijua kuna siku patatafutwa wa kulaumiwa, akajiweka mbele. Maskini, hakujua kwamba siku hiyo jina lake halitaweza kumkinga mtu.

Kisha baridi nyingine ikamwingia, kali kuliko ya kwanza.

"Mama, vitabu vya wateja vinaandikwa fedha za hapa, siyo?"

"Fedha za hapa. Ndivyo tulivyowaahidi."

"Kwa nini basi namba zao zigeuzwe kwa bei ya dola?"

Mama Mdogo akainua mabega. "Wengi wanaletewa dola na watoto wao walio nje. Mimi nazipokea, natazama bei kwenye ubao, nampa mtu hesabu yake kwa fedha za hapa, naandika kitabuni. Dola zenyewe Meneja anapeleka benki kuzibadilisha."

"Na alizibadilisha?"

"Mimi ni wa dirishani. Ya benki ni ya wakubwa."

Ubao huo ulikuwa umetundikwa ukumbini, mweusi, wenye mstari mmoja wa chaki: bei ya dola ya leo. Kila asubuhi Meneja huufuta kwa kitambaa na kuandika upya, kisha huingia kuandika bei hiyohiyo kwenye kompyuta. Na kompyuta ilijengwa kwa mfano wa ubao. Kila bei mpya ikiingia, inapita kwa wateja wote, mmoja baada ya mwingine, inaandika thamani ya leo juu ya ile ya jana. Ya jana haipo tena. Safu yenyewe inaitwa "kiasi", basi. Kiasi cha fedha gani, cha siku gani, haisemi.

"Nisomee vitabu," Sisimizi alisema. "Nitajie tarehe kwanza."

Vilikuwa vimerundikwa mezani, vya wateja waliolalamika na wasiolalamika. Mama Mdogo akavaa miwani.

"Mama mshonaji. Tarehe nne. Elfu thelathini."

"Hapa ana ishirini na saba."

"Mwalimu mstaafu. Tarehe nne hiyohiyo. Elfu kumi na mbili."

"Hapa ana elfu kumi na mia nane."

"Yule muuza matairi. Tarehe nne. Elfu themanini."

"Sabini na mbili." Sisimizi akapitisha kidole kwenye kioo. "Mama, wote wa tarehe nne wamepungukiwa sehemu moja ya kumi. Wote. Hata senti haijapotea njia."

"Basi mimi ni mwizi mwenye mizani."

"Endelea. Chukua tarehe nyingine, ya zamani zaidi."

Mama Mdogo akavuta kitabu cha chini kabisa, kimechakaa pembe. "Kinyozi. Huyu hajalalamika. Aliweka elfu tano."

Sisimizi akatazama. Akatazama tena.

"Soma tena, mama."

"Elfu tano. Mwandiko wangu, naujua."

"Hapa ana elfu tano na mia nne."

Wakatazamana. Halafu Mama Mdogo, ambaye hakuwa amecheka kwa siku kumi na moja, akacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa chembamba na kilitoka kwa shida, lakini kilikuwa kicheko.

"Huyo sikumwibia, nilimwongezea," alisema. "Kumbe naiba kwa huyu, namgawia yule. Waniandike na utakatifu."

"Nani anagawa nini humu ndani?"

Mkaguzi alikuwa amesimama mlangoni, bahasha kubwa kwapani. Ndani ya bahasha hiyo, wote watatu walijua, ilikuwemo karatasi ya kukiri. Alikuwa mzee mwembamba, anayeongea kama mtu anayelipia kila neno.

"Saa tano kasorobo," alisema. "Nimekuja mapema. Yasiyopendeza ni afadhali yaishe."

Kwa kawaida Sisimizi akisemeshwa na mtu mzima hutazama viatu vyake. Safari hii alisimama. Sauti ilitoka ndogo, ila ilitoka.

"Mzee, naomba dakika kumi."

"Za nini?"

"Mtu akiiba, huwa anawaongezea wengine?"

Mkaguzi akavuta kiti, akaketi. "Sijawahi kumpata wa hivyo. Eleza."

Akaeleza. Mwanzoni maneno yalikuwa yanamkwama, kisha yakaanza kujipanga yenyewe. Tuseme, kwa kurudisha hesabu nyuma kutoka bei ya leo, mteja alileta dola mia tano siku dola ilipokuwa sitini. Keshia akamwandikia kitabuni elfu thelathini, na hiyo ndiyo haki yake. Kama dola zile zingebadilishwa siku ileile, elfu thelathini zingekuwepo benki mpaka leo. Lakini zimekaa benki hivyohivyo, dola. Dola imeshuka, leo ni hamsini na nne. Mia tano mara hamsini na nne ni elfu ishirini na saba.

Mkaguzi akachukua kalamu, akapiga hesabu nyuma ya bahasha yake mwenyewe. Akapiga tena kwa mwalimu mstaafu. Akapiga kwa muuza matairi.

"Na kinyozi?"

"Kinyozi, kwa hesabu hiyohiyo, alileta dola mia moja, dola ikiwa hamsini. Kitabuni elfu tano. Leo zinaonekana elfu tano na mia nne. Hajaibiwa wala hajapewa. Ni dola ndiyo inayopanda na kushuka, na kompyuta inaifuata kila asubuhi."

"Muhtasari wa benki niliopewa na Meneja uko kwa fedha za hapa. Unalingana na kompyuta mpaka senti ya mwisho. Ndiyo maana nilimwamini."

"Utalingana kila siku, mzee. Vyote viwili vinahesabiwa kutoka kwenye dola zilezile."

Mkaguzi akavua miwani, akasugua pua. Kwa mara ya kwanza alimtazama Mama Mdogo kama mtu anayetazama mtu.

"Mama," alisema, "niitie Meneja. La, kaa. Nitamwita mimi."

Meneja alikuja akiwa ametulia. Alinukia manukato mazuri, na alikuwa na tabasamu la mtu aliyealikwa kwenye chakula. Mkaguzi hakumpa kiti.

"Nataka karatasi ya benki yenyewe. Siyo muhtasari wako."

"Kuna nini tena?"

"Kuna dola." Mkaguzi akamwonyesha hesabu zilizo nyuma ya bahasha: tarehe nne, dola sitini.

Tabasamu halikuondoka, ila lilisahaulika usoni, kama taa iliyoachwa ikiwaka chumba kisicho na watu. "Mzee, mimi mambo ya kompyuta siyajui. Naandika bei asubuhi, naondoka. Aliyepanga haya yote ni Fundi. Mnataka nikamwulize?"

"Hesabu za dola hazithibitishi kitu," akaongeza, sasa kwa upole zaidi, akimgeukia Sisimizi. "Dada mdogo, umejitahidi kumtetea mama yako, naelewa. Lakini bei za zamani zilifutwa. Nani atasema tarehe nne dola ilikuwa sitini? Wewe? Ubao hauna kumbukumbu."

Kilikuwa kipigo kizuri, na kilimpata. Mkaguzi alitikisa kichwa kidogo. Bila bei za siku zile, asilimia zote za Sisimizi zilikuwa hadithi tu ya binti anayempenda mama yake.

Ilikuwa saa tano na robo.

Sisimizi akarudi kwenye kiti. Alitazama maneno ya Fundi yaliyokuwa bado yako wazi, akayasoma kwa mara ya tatu, polepole, kama mtu anayesoma barua aliyoandikiwa yeye.

Tafuta bei ya dola ya siku ile.

Tafuta wapi?

Mtego haukisii. Alipoandika mia moja, ulijua mara moja kwamba ni tisini. Kuna mahali unapochungulia. Akaufuata mstari kwa mstari, na chini kabisa akakuta jina la jedwali ambalo halimo kwenye orodha yoyote anayoonyeshwa mtumiaji. Jedwali liliitwa "sifuti".

Akalifungua.

Zilikuwemo. Siku zote, miaka minne, hakuna hata moja iliyorukwa. Tarehe, bei ya dola, saa iliyoandikwa. Kila Meneja alipofuta ya jana, Fundi aliinakili kwanza pembeni, na mtego ukaendelea kunakili hata baada ya mnakili kuingia kaburini. Tarehe nne: sitini. Siku ya kinyozi: hamsini. Asubuhi ya leo: hamsini na nne.

"Mzee," Sisimizi akaita, kwa sauti iliyopasuka. "Njoo uone."

Mkaguzi alisimama nyuma ya kiti kwa muda mrefu. Alichagua vitabu vingine sita mwenyewe, bila kusaidiwa, akavipima kimoja kimoja. Vyote vikakubali. Kisha akaichukua ile bahasha, akatoa karatasi ya kukiri, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni.

"Hii haitatumika leo," alisema.

Mama Mdogo aliweka mkono kifuani, akafumba macho. Sisimizi alitaka kumkimbilia, ila Mkaguzi alikuwa amesimama njiani.

"Lililobaki ni moja," Mkaguzi akaendelea. "Nani aliagiza dola za watu zisibadilishwe?"

Sisimizi hakuhitaji kutazama. Alijua. Wote walijua. Alimgeukia Meneja akitarajia kuona jasho.

Meneja alikuwa ameegemea ukuta, mikono kifuani. Hakuwa na jasho hata tone.

"Swali zuri," alisema. "Fundi alikuwa mtu makini, haandiki kitu nusunusu. Sogea kulia, dada mdogo. Jedwali hilo lina safu nyingine."

Alijuaje?

Kidole cha Sisimizi kilikuwa tayari kimesogea. Jedwali likateleza kushoto, na safu iliyokuwa imejificha nje ya kioo ikaingia taratibu, ikiwa na kichwa chake: "Kwa agizo la".

Neno lililokuwa chini yake lilikuwa moja tu, likijirudia siku kwa siku, mwezi kwa mwezi.

Keshia. Keshia. Keshia. Keshia.

Akashuka haraka, akitafuta jina lingine, lolote. Hakulipata. Alifika siku ambayo Fundi alifariki. Baada ya tarehe hiyo safu ilikuwa tupu, miezi saba mitupu, kwani hii Fundi aliijaza kwa mkono wake. Lakini mstari wa mwisho aliouandika, wa siku moja kabla ya kifo, ulikuwa mrefu kuliko mingine. Haukuwa neno moja. Uliandikwa kwa haraka, na herufi zake mbili zilikuwa zimekosewa.

"Nisipofika kesho, mulizeni keshia. Yeye anajua nimekwnda wapi."

Sisimizi akaweka kiganja juu ya kioo.

"Imeandikwa nini hapo?" Mkaguzi akauliza. Alikuwa anafuta miwani kwa ncha ya shati, macho yake matupu hayaoni hata hatua moja.

"Bei tu, mzee." Alikuwa hajawahi kumdanganya mtu mzima, na alishangaa jinsi uongo ulivyotoka laini. "Ni bei za dola."

Nyuma yake mkoba ukaanguka sakafuni. Mama Mdogo alikuwa amesimama.

"Siyo bei," alisema. Sauti yake haikuwa na hofu, na hilo ndilo lililomtisha Sisimizi kuliko yote ya asubuhi ile. "Toa mkono, mwanangu. Msomee mzee yote. Ukimaliza, mimi nitamweleza kwa nini hakufika."